Rubani Aliyechelewa Kufika Chini

Katika mji mzima, mimi ndiye ninayefaa kuisimulia habari hii, kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye sikuwa na mkono ndani yake. Sikukunja, sikutia saini, wala sikucheka. Nilikuwa napita tu. Na mpita njia, kama mjuavyo, huona paa linalovuja kabla ya mwenye nyumba.

Basi tuanzie chumbani. Chumba cha kukunjia maparachuti, pale kwenye kituo cha ndege za vita, kilikuwa na meza tatu, kila moja ndefu hatua kumi na nane, zimepigwa msasa mpaka zikawa laini kuliko viganja vya afisa. Ukutani palikuwa na saa iliyokwenda mbele dakika nne, na tangazo la herufi nyekundu: USIKUNJE UKIWA NA HASIRA. Kila meza ilikuwa na mkunjaji wake. Nje ya chumba ulisimama mnara mwembamba, mrefu, uliojengwa kwa kazi moja tu: kutundika maparachuti siku mbili yakauke kabla hayajakunjwa. Kitambaa kibichi hugandana, na kikigandana hakifunguki. Aliyewahi kusahau shuka kwenye beseni anayajua haya bila kwenda shule.

Ila kufikia mwaka wa pili wa vita mnara ulikuwa umejaa saruji. Ilikuwa mifuko ya mkuu wa kituo, aliyekuwa anajenga nyumba yake nje kidogo ya uzio, na hakuwa na mahali pengine pakavu pa kuihifadhi. Saruji, aliwaeleza vijana, ikipata unyevu inaharibika. Hakuna aliyembishia, maana ni kweli.

Kwa hiyo wakunjaji walitafuta njia yao. Walianika maparachuti kwenye migongo ya viti, juu ya milango, kwenye uzio mvua ikiwa haipo. Na ili kujua kama limekauka, kila mmoja alichukua kitambaa akakibandika kwenye shavu la kushoto, akafumba macho, akahesabu mpaka kumi. Kitambaa chenye unyevu, hata kidogo, huwa cha baridi shavuni kama pua ya mbwa. Kwa nini la kushoto? Kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umeshashika kalamu. Kisha waliandika kwenye kadi: *Limeanikwa siku mbili. Kavu.* Wakatia saini.

Shavu la mkunjaji wa meza ya tatu ndilo lililosifiwa kuliko yote. Lilikuwa shavu la kipaji. Lingeweza kutofautisha parachuti lililonyeshewa jana na lililopitiwa na ukungu wa asubuhi. Halikuwahi kukosea, na nasema hivyo bila upendeleo wowote.

Rubani mwenyewe walimwita Pamba. Mama yake alikuwa mshona magodoro, na mtoto alipozaliwa, katikati ya msimu wa kazi nyingi, alilazwa juu ya rundo la pamba iliyochambuliwa, akazama humo, akapotea nusu saa nzima. Walimpata kwa chafya. Jina likabaki.

Alipofika miaka sita alipewa kazi ya kujaribu magodoro. Godoro likiisha kushonwa lilitandazwa sakafuni mbele ya mteja, Pamba akapanda juu ya kabati, akajirusha chali. Kisha alilala palepale, macho darini, mikono kifuani kama hakimu anayesinzia, akatoa hukumu.

"Hili limeshiba kichwani, miguuni lina njaa."

Au alisema, "Hili sawa." Na mara mojamoja, kwa sauti ya chini ili mteja asisikie, "Mama, hili bichi."

Mama akipapasa haoni kitu. Akilifumua, katikati kabisa, anakuta konzi ya sufi yenye unyevu imeanza kunuka. Mgongo wa Pamba ulijua. Dada yake mkubwa alikuwa akisema mdogo wake ana akili nyingi, bahati mbaya zote zimehamia mgongoni.

Dada huyu alifanya kazi kwa daktari wa meno, kwenye nyumba ya ghorofa moja nyuma ya posta. Alichemsha koleo, aliandika daftari la wagonjwa, lakini kazi yake hasa ilikuwa kushika vichwa. Daktari aking'oa, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kiti akakishika kichwa cha mgonjwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Alikuwa na mikono ambayo ikishakushika unakubali yaishe.

Vita vilipoanza waandikishaji wa jeshi walikuja mjini, wakauliza vijana waliopanga mstari ni nani haogopi kuanguka. Pamba alinyoosha mkono. "Mimi kuanguka ndiyo ajira yangu tangu nina miaka sita," alisema, wakamwandika palepale. Baada ya mwaka mmoja na kidogo alikuwa amevuka vilima kwenda vitani mara thelathini na moja na kurudi mara thelathini na moja. Ulikuwa ni wingi wa kurudi uliowatia wenzake wasiwasi.

Akija nyumbani kwa likizo hakutulia. Alikaa kitini, akainuka. Akaenda dirishani, akarudi, akauliza saa ngapi, akaambiwa, akauliza tena. Alikuwa kama mtu aliyeacha chungu motoni nyumba nyingine.

"Tulia basi, mwanangu, unanitia kizunguzungu," mama yake alimwambia, sindano ndefu ya magodoro mdomoni.

"Nikitulia naisikia injini, Mama."

"Basi tembea. Lakini usikanyage sufi yangu."

Asubuhi ya safari ya thelathini na mbili Pamba alipita kwa dada yake, bila sababu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Alisimama nje ya dirisha la kliniki, akagonga kioo kwa kucha. Dada alimwona, lakini alikuwa ameshika kichwa cha mgonjwa aliyekuja bila miadi, mtu mmoja wa maneno mengi aliyeendelea kuongea hata koleo likiwa mdomoni. Hakuweza kuachia. Alimwinulia mdogo wake kidevu, maana yake: ngoja kidogo. Pamba alionyesha saa yake ya mkononi, maana yake: siwezi. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaenda. Alama ya vidole ilibaki, na dada akamkataza mfagiaji kukifuta kioo kile.

Kituoni kulikuwa na haraka. Ndege ilitakiwa kabla ya saa sita, na parachuti lililobaki rafuni lilikuwa namba arobaini na saba, lililoshinda jana yake kwenye uzio mpaka mvua ikalikuta. Mkunjaji wa meza ya tatu alifika amechelewa, amejifunga kitambaa cha shingo kuzunguka kichwa, kwa sababu zake mwenyewe ambazo hazimhusu mtu. Alilichukua namba arobaini na saba, akaliweka shavuni, akafumba macho, akahesabu mpaka kumi. Halikuwa na baridi hata chembe. Akalikunja, akaandika *Kavu*, akatia saini.

Pamba alilivaa, akakaza mikanda, akasimama wima katikati ya chumba. Kisha akasimama zaidi ya inavyohitajika.

"Hili bichi," alisema.

Mkunjaji alimtazama. "Afande, hayo si maji," alisema. "Ni jasho lako. Limeona ndege likaanza kukimbia kabla yako."

Chumba kizima kilicheka. Fundi injini aliyekuwa mlangoni alicheka mpaka akaangusha spana. Utani ulikuwa mzuri, lazima tuukubali, hasa ukizingatia kwamba msemaji alikuwa anatamka kwa shida siku hiyo. Pamba naye alicheka, kwa sababu kijana wa miaka ishirini anaweza kustahimili risasi, baridi na njaa, lakini si kuchekwa. Alilegeza mikanda kidogo, akaikaza tena, akatoka.

Alirudi saa tisa alasiri na bawa moja linawaka. Watu waliokuwa mitaani walimwona akivuka juu ya reli, juu ya soko, moshi ukimfuata kama mkia wa tiara. Aliigeuza ndege ielekee kwenye mashimo ya kuchimbia mawe ambako hakuna mtu, kisha akaruka. Parachuti lilitoka mfukoni mwake limenyooka, jembamba, limejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Halikufunguka. Pamba alianguka jinsi mtu anavyoanguka mpaka alipofika usawa wa kama mita mia moja na hamsini juu ya paa la posta. Hapo akapunguza mwendo, na kuanzia hapo akaja taratibu, kama mtu asiyekuwa na hakika ya anwani.

Mwalimu wa hesabu wa sekondari alipima kwa pembe na kamba, akatangaza kwamba rubani anashuka mita moja na nusu kwa siku. Atafika baada ya siku mia moja. Watu wakashukuru kupata jibu lililo wazi, wakarudi kazini.

Mama yake alifunga duka siku hiyohiyo, akaanza kushona. Alishona godoro la unene wa mikono miwili, sufi safi juu, pamba katikati, nyuzi za nazi chini. Hakuzungumza na mtu. Alikuwa na neno moja tu ambalo alilirudia kila mara alipobadilisha uzi: "Chini pagumu." Mwanawe ameanguka maisha yake yote, na hajawahi kukuta sakafu tupu. Hataikuta sasa.

Siku ya kwanza jua lilimchoma Pamba kutwa nzima. Siku ya pili pia. Siku ya tatu asubuhi, parachuti namba arobaini na saba, likiwa limeanikwa juu ya mji siku mbili kamili, lilikauka. Likajikunjua kwa mlio mkubwa kama wa shuka linalokung'utwa, likafunguka lote, jeupe, bila hata tundu. Watoto wa shule walipiga makofi. Wakunjaji watatu, waliokuwa wamesimama mlangoni mwa chumba chao, hawakupiga.

Mkuu wa kituo alifurahi sana. "Mnaona?" alimwambia mshona magodoro alipokwenda kuuliza. "Walikuwa wanasema halikufunguka. Sasa lile ni nini?"

"Limefunguka baada ya siku mbili, bwana mkubwa."

"Mama, kwenye kadi halijaandikwa litafunguka lini."

"Kwenye kadi kumeandikwa limeanikwa siku mbili. Lingekuwa limeanikwa, lisingehitaji kwenda kuanikwa huko juu."

Mkuu wa kituo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayejenga. "Suala lako nalielewa," alisema. "Lakini hajafika. Asipofika hakuna ajali, na pasipo ajali siwezi kuunda kamati. Akifika, njoo."

Basi wakaanza kumfuata. Parachuti likiwa wazi upepo ulimchukua Pamba ulikotaka. Asubuhi alikuwa juu ya ghala la reli, mchana juu ya hospitali, alasiri amerudi juu ya ghala. Mama na dada walibeba godoro, mmoja mbele mmoja nyuma, wakilitandaza pale kivuli chake kilipoangukia, na kivuli kikisogea walilikunja, wakalibeba tena. Walilala nalo kwa zamu. Mtaa haukutulia. Mtu akiamka alikuta godoro mlangoni na mshona magodoro ameketi juu yake anatazama juu, akamwambia "Samahani, nakuzuia njia," na kabla hajajibiwa kivuli kimehama, naye kahama. Waendesha mikokoteni walijifunza kusimama. Muuza magazeti alikuwa akitangaza habari za vita, na mwisho anaongeza: "Na rubani wetu leo yuko Barabara ya Kisima!" ili wenye kumtafuta wajue. Kulikuwa na siku walizunguka mji mara saba. Dada aliomba ruhusa kazini ya siku chache, zikawa wiki, na watu wakawa wanasema ameacha kazi.

Siku ya themanini na tano alifika usawa ambao sauti husikika.

"Mama!" aliita. Alikuwa juu ya shule, miguu inaning'inia.

"Nipo, mwanangu! Umekula?"

"Huku hakuna cha kula!"

"Baridi je?"

"Sasa hivi hakuna. Mwanzoni mgongo ulikuwa wa baridi. Lilikuwa bichi, Mama. Niliwaambia."

"Uliwaambia, wakasemaje?"

Upepo ulimsogeza Pamba mpaka juu ya uwanja wa michezo. "Walicheka," alisema. "Nikacheka na mimi."

Mama alikung'uta majani kwenye godoro, akalivuta upande wake, wakakimbia nalo uwanjani.

Alasiri mama alipokwenda kunywa maji, Pamba alimwita dada yake kwa jina la utani analolijua yeye peke yake, akamwambia kwa sauti ya chini, chini kadiri mtu wa mita ishirini juu anavyoweza:

"Dada, mimi siku ile ile nilimaliza. Hii ni njia tu."

"Najua," dada alisema. "Vidole vyako havina rangi."

"Usimwambie."

"Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Pamba akafikiri. "Sasa godoro la nini?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi nabeba upande wa miguu tu."

Siku ya tisini na tisa upepo ukatoka upande wa reli, ukamsukuma moja kwa moja kuelekea kituoni, ukamfikisha karibu na uzio, ukamwacha juu ya nyumba mpya ya mkuu wa kituo. Hapo ukakata. Pamba alisimama angani juu ya dari la zege lililomwagwa wiki ile, mita moja na nusu kamili, tayari kwa kesho.

Mlinzi wa nyumba aliwazuia getini.

"Mnakwenda wapi na godoro?"

"Juu," mama alisema.

"Magodoro hayaingii bila kibali. Samani zote za mkubwa zinaandikwa."

"Si la mkubwa. Ni la yule." Akaonyesha kwa kidevu.

Mlinzi aligeuka akatazama juu, akatazama godoro, akatazama juu tena. Alikuwa na mtoto wake vitani, ng'ambo ya vilima. "Mimi nakwenda kuvuta sigara nyuma ya tangi la maji," alisema. "Huwa navuta polepole." Akaenda. Walipanda ngazi zisizo na kingo, ukuta upande mmoja na hewa upande wa pili, wakalifikisha.

Dari lilikuwa limejaa maji. Zege jipya, kama alivyoeleza fundi mwashi aliyekuwa amesimama na mpira wa maji mkononi, lazima limwagiliwe siku saba mfululizo, la sivyo litapasuka. Hapo maji hayakufanyiwa ubahili. Mama aliinama akayafagia kwa kipande cha ubao. Yakarudi. Akayafagia tena. Mwashi alimtazama kwa muda, akakunja mpira, akafunga bomba. "Nitasema maji yalikatika," alisema.

Pamba alifika siku ya pili yake saa nne asubuhi. Alishuka chali, kama zamani kutoka juu ya kabati, mikono kifuani. Godoro lilimpokea, likatoa pumzi ndefu, likatulia. Parachuti liliteremka nyuma yake, likawafunika wote watatu. Chini ya kile kitambaa mama aliinama mpaka sikio lake likagusa mdomo wa mwanawe.

"Hili sawa," Pamba alisema. Hakusema lingine. Alikuwa wa baridi, na kwa kadiri daktari wa jeshi alivyoweza kukisia, alikuwa na siku mia moja tangu afe.

Mama alibaki chini ya kitambaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kadi namba arobaini na saba, aliyoitoa kwenye mfuko wa mikanda. Akaenda nayo ofisini.

Kamati iliundwa kama ilivyoahidiwa. Ilikaa dakika ishirini. Iliona kwamba parachuti lilifunguka, kwamba kadi ilisema limekauka, na kwamba aliyefariki alianguka kwenye makazi ya mtu binafsi, nje ya uzio wa jeshi, juu ya samani ambazo si za serikali. Kwa hiyo ilikuwa ajali ya nyumbani, na jeshi linatoa pole. Mkuu wa kituo aliongeza kwa uungwana kwamba hatadai chochote kuhusu dari, ingawa pale godoro lilipowekwa zege lilibonyea, likabaki na umbo la mtu. Mwashi alilisawazisha mara tatu. Mara tatu asubuhi lilikuwa limebonyea tena. Baadaye waliliacha. Mvua ikinyesha maji hujaa pale kwanza, na ndege wadogo huoga.

Mwezi uliofuata iliingia saruji nyingine mnarani, ya ukuta wa kuzunguka nyumba. Maparachuti yaliendelea kuanikwa kwenye viti. Wakunjaji waliendelea kuyaweka shavuni na kuandika *siku mbili*, na marubani waliendelea kuvuka vilima. Mkunjaji wa meza ya tatu aliomba kuacha kazi akakubaliwa. Hakufanya kosa lolote, tuelewane. Shavu lilisema kavu, naye akaandika kavu. Kosa ni la saruji.

Ndivyo nimekuwa nikiisimulia. Nimeisimulia kwa kinyozi, kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwenye harusi mbili, na kila mahali watu hucheka pale kwenye jasho lililokimbia, kisha wananyamaza pale kwenye godoro, kisha wananinunulia chai. Mimi mwenyewe hucheka nimefunga mdomo. Ni tabia tu.

Juma lililopita niliisimulia kwenye benchi la kungojea daktari wa meno, nyuma ya posta. Nilikuwa nimeepuka kliniki ile miaka mitatu, lakini jino likiamua halikuulizi unaogopa wapi, na wote walikuwa wamenihakikishia kwamba yule dada aliacha kazi zamani, anashona magodoro na mama yake. Benchi lilijaa. Mzee mmoja mwenye taya lililovimba alicheka kwenye jasho huku analia kwa maumivu, akaniambia, "Wewe kijana utaniua." Nilimaliza kama ninavyomaliza siku zote: "Kosa ni la saruji."

Pazia la chumba cha daktari lilikuwa limefunguliwa kidogo. Sijui tangu lini.

"Saruji ni kweli," alisema dada yake Pamba. Alikuwa amevaa koti jeupe, na daftari la wagonjwa kwapani. "Hiyo sikatai. Endelea, mbona umeishia hapo?"

"Imeisha, dada."

"Mkunjaji alijifunga kitambaa kichwani. Kwa nini?"

"Alikuwa na sababu zake."

"Nyinyi mliomsikia," aliwauliza wa benchini, "aliwaambia sababu?"

Mzee wa taya alitikisa kichwa. Dada alifungua daftari, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa nyingi bila haraka. Kurasa zilikuwa za rangi ya chai.

"Saa mbili na nusu asubuhi," alisoma. "Bila miadi. Gego la chini, kushoto, limeng'olewa. Sindano ya ganzi, mbili, kwa sababu moja haikumnyamazisha." Akafunga daftari. "Ganzi ile ilikuwa inakaa mpaka saa nane mchana. Ungeweka kaa la moto kwenye lile shavu, lingesema ni kavu."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kusema kitu cha kuwachekesha, na kwa kweli kilikuwepo, kilikuwa tayari ulimini.

"La kulia lilikuwa zima," alisema.

"Mkono wa kulia ulikuwa na kalamu," nilisema. Na hapo nikasikia nilivyosema.

Dada hakupandisha sauti. Alifungua pazia lote, akafuta kiti cha wagonjwa kwa kitambaa, mara mbili, akazunguka akasimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote. Kwenye kioo cha dirisha, upande wa nje, alama za vidole viwili bado zilikuwepo.

"Yeye alikuwa anagonga pale," alisema, "na mimi nimeshika kichwa chako. Njoo ukae."

Nikaenda nikakaa. Mikono yake ilikishika kichwa changu kama zamani, kwa nguvu ileile, bila kuumiza.

"Fungua mdomo," akasema. "Waone."

Nikafungua.